Amua Ukiwa Nyumbani: Safari ya Pikipiki ya Peke Yako, Dar Hadi Kigoma

Haya ni maneno niliyoyasema kwenye mkutano wetu wa waendesha pikipiki, hapa Morogoro. Wengi waliokuwa kazini siku ile wameyaomba, nami nimeyaandika kama yalivyotoka. Picha za ukutani nimeziacha. Hata ukumbini hazikuonekana vizuri.

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu mliotutangulia barabarani, kina dada mliokuja hapa mkiendesha na si kupakizwa, vijana wa bodaboda mliopaki leo huku hesabu ya bosi ikiwasubiri: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na habari za asubuhi kwa wote.

Pikipiki oyee!

Nimeombwa nizungumzie kupanga safari ndefu ya pikipiki, ya mtu mmoja, ya kukata nchi. Ili tusizungumze hewani, nimechagua njia moja: Dar es Salaam hadi Kigoma kwa kuzungukia kusini. Mikumi, Iringa, Mbeya, Tunduma, Sumbawanga, Mpanda, Uvinza, halafu ziwa. Kama kilomita 1,700. Najua iko njia fupi ya Dodoma, Manyoni na Tabora, na mwenye haraka aende nayo. Hii ndefu naichagua kwa sababu ina kila mtihani: malori, milima, baridi, upepo, hifadhi mbili za taifa, vumbi, na mahali ambapo simu haishiki kabisa.

Sasa niwaulize. Mkisafiri wawili, nani anasema "jamani, tulale hapa"? Mkiwa watatu, kila mara yupo mmoja mwoga. Mnamcheka njia nzima, lakini huyo mwoga ndiye anayewafikisha. Ukiwa peke yako, mwoga wako yuko wapi? Nani atakushika bega akwambie imetosha?

Hakuna. Kwa hiyo kazi kubwa ya kupanga safari ya peke yako ni kuamua mapema, ukiwa nyumbani, umeshiba, umelala vizuri, yale mambo ambayo barabarani utatakiwa kuyaamua ukiwa na njaa, mgongo unauma, jua linazama, na kichwa kinakwambia "zimebaki hamsini tu." Amua ukiwa nyumbani. Nitalirudia hilo mpaka mnichoke.

Tuanze na jua. Wengi mnaanza na kilomita. Mnachukua ramani ya kwenye simu, inawaambia Dar mpaka Iringa ni kilomita 500, mnasema hiyo ni siku moja. Ramani haijui kwamba una matako. Mimi nasema anza na jua. Nchi yetu iko jirani na ikweta, mchana wetu ni kama saa kumi na mbili mwaka mzima, na usiku hauna msalie Mtume. Ukiingia, umeingia.

Sasa piga hesabu. Toa muda wa kufunga mzigo asubuhi. Toa chai, mafuta, chakula cha mchana, kujinyoosha. Toa matuta, toa rasta, yaani ile mistari iliyoinuka kwenye lami ya kukupunguza mwendo, toa kile kibao cha 50 kinachokupokea kila kijiji na trafiki aliyekaa chini ya mwembe akikungoja. Pikipiki ya cc 150 yenye mzigo, ukijumlisha kusimama kote, weka kilomita 40 hadi 45 kwa saa. Saa saba za namna hiyo ni kama kilomita 300. Hiyo ndiyo siku yako. Je, 500 kwa siku haiwezekani? Inawezekana sana. Ni siku ya pili yake ndiyo itakayokudai.

Kwa hiyo Dar hadi Mikumi mjini, kama 300. Mikumi hadi Iringa, 200 tu, fupi kwa makusudi kwa sababu ya Mlima Kitonga. Iringa hadi Mbeya, kama 330. Mbeya unapumzika siku nzima. Unafua, unakaza cheni, unalala mchana bila aibu. Mbeya hadi Sumbawanga kwa kupitia Tunduma, tena kama 330. Sumbawanga hadi Mpanda, karibu 240. Mpanda hadi Kigoma, karibu 300. Na kumbukeni hili ambalo watu wa pwani hulisahau: saa zetu ni zile zile nchi nzima, ila jua linafika Kigoma zaidi ya nusu saa baada ya kufika Dar. Asubuhi ya Kigoma inachelewa. Aliyezoea kuondoka Mbagala saa kumi na mbili kukiwa kumepambazuka, akiondoka Mpanda saa hiyo hiyo, anaondoka gizani.

Kuna kijana mmoja wa hapa hapa Morogoro, hataki nimtaje. Kabla ya safari yake alibandika kipande cha plasta juu ya tanki, akaandika kwa peni nene: "Doma, baada ya saa 11, LALA." Mnaijua Doma. Ukitoka hapa kwenda Iringa, ni kijiji kabla ya kuingia Hifadhi ya Mikumi, na ndani ya hifadhi barabara kuu inakatiza kama kilomita 50. Akafika Doma saa kumi na moja na dakika ishirini, akitokea Dar. Kondakta wa basi mmoja akamwambia, "Kaka, hapo ni mguu mmoja tu, unatokea." Na kweli, ni mguu mmoja. Yeye akasoma plasta yake, akatafuta gesti, akalala.

Mnataka kujua usiku ule kilitokea nini? Hakikutokea kitu. Hakuna basi lililopinduka, hakuna simba aliyeonekana. Asubuhi akapita, akaona tembo, akafika Iringa saa nane mchana. Uamuzi mzuri una shida hiyo, hauleti ushahidi. Lakini fikirini: saa ile ya jioni ndiyo wanyama wanaanza kuhama upande kwa upande, na taa ya pikipiki zetu hizi mnaijua ilivyo. Vibao vya Mikumi vimeorodhesha faini za kugonga wanyama: twiga, nyati, simba. Mwenye gari anavisoma kwa hofu. Wewe wa pikipiki ukigongana na nyati, hakuna atakayekudai faini.

Halafu msimu. Pwani na huku kwetu masika ni Machi hadi Mei. Nyanda za juu kusini na magharibi, Mbeya, Rukwa, Katavi, mvua ni moja ndefu, Novemba hadi Aprili au Mei. Kwa njia hii, dirisha lako ni Juni hadi Oktoba. Msiseme "siku hizi ni lami." Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipopiga pwani ya kusini, barabara ya Dar kwenda Lindi na Mtwara ilikatika, na ile ni lami. Lami ilikuwepo, kilichokwenda ni makalavati na udongo uliokuwa chini yake. Abiria walikaa njiani wakiangalia maji. Basi ukiwa nyumbani amua: mvua ya namna gani itanifanya nisiondoke? Iandike. Usingoje kuiamua ukiwa umesimama mbele ya mto.

Sasa chombo. Kila mkutano naulizwa: pikipiki gani nzuri kwa safari ndefu? Jibu langu ni lile lile. Pikipiki nzuri ni ile ambayo spea yake inapatikana Namanyere. Mnacheka, lakini Namanyere iko njiani, kati ya Sumbawanga na Mpanda, na pale utakuta fundi chini ya mti mwenye tyubu, cheni, plagi na waya wa klachi wa Boxer, wa TVS, wa hizi za Kichina tunazopandia kila siku. Likija lile pikipiki kubwa la Kizungu, fundi atalizunguka, atalisifu, ataomba kupiga nalo picha, basi. Mwenye nalo aende nalo, simzuii, ila ajue spea yake iko Dar au iko nje ya nchi. Boxer ya 150 ina tanki la kama lita 11. Hata ukiipa kilomita 40 tu kwa lita, una zaidi ya 400. Kwa njia hii mafuta si tatizo, mradi ujiwekee sheria: tanki likifika nusu, sheli ya kwanza unajaza. Ukilazimika kununua ya chupa kijijini, chuja kwa kitambaa safi, na uinue chupa juani kwanza uangalie rangi.

Mnajua spea za kubeba, sitawachosha. Tyubu mbili, viraka na gundi, pampu ya mkono, waya wa klachi, waya wa eksileta, plagi, kiungo cha cheni, fyuzi, spana zako na plaizi. Swali langu ni jingine. Wangapi hapa mmewahi kufungua tairi la nyuma kwa mikono yenu wenyewe? Nyosheni mikono. Naona wachache. Wangapi huwa mnamwita fundi? Haya, mnaona wenyewe.

Yupo dada yetu, amekaa safu ya tatu, ananitazama vibaya kwa sababu anajua nakuja kwake. Kabla ya kwenda Mwanza alikuja uwanjani kwangu akafungua tairi la nyuma, akatoa tyubu, akairudisha, akajaza upepo kwa mkono. Kisha nikamwambia rudia, juani, saa nane mchana. Alininunia. Akarudia. Akaenda safari yake, na kwenye miteremko ya Sekenke, baada ya Singida, akapata pancha ya msumari. Akavuta pikipiki pembeni, akatandika kanga, akaanza kazi. Lori likasimama, madereva wawili wakashuka kwa wema wao, wakauliza, "Fundi wako yuko wapi?" Akawaambia, "Ndiye huyu mnayemwangalia." Wakasimama mikono kifuani mpaka alipomaliza, nadhani wakingoja akwame. Hakukwama. Nakiri alisahau kufunga breki ya nyuma vizuri, akarudi kuikaza hatua chache mbele. Dada, hilo nalo lazima walijue.

Jifunze nyumbani, palipo na maji ya kunawa na mtu wa kukucheka. Amua ukiwa nyumbani, jifunze ukiwa nyumbani.

Kuhusu karatasi nitasema kwa mbio: leseni yenye daraja la pikipiki, kadi, bima hai. Kama pikipiki si yako, beba barua ya mwenyewe na namba yake. Utasimamishwa. Vua helmeti, salimia, toa karatasi. Ubishi wa dakika kumi ni kilomita saba za mchana wako.

Ndugu zangu, malori. Kuanzia Chalinze mpaka Tunduma hao ndio majirani zako, maana barabara hii ndiyo inayobeba mizigo ya Zambia na Kongo. Nao wana lugha. Dereva wa lori akiwasha indiketa ya kushoto anakwambia mbele kweupe, pita. Akiwasha ya kulia, subiri. Ni ungwana wa miaka mingi, nami nauheshimu. Lakini huyo ndugu anakupimia nafasi ya gari lenye nguvu, na wewe una cc 150 na begi, mnapanda mlima. Na wakati mwingine ya kulia ni kwamba anakata kulia kweli! Msikilize, kisha tumia macho yako.

Mgeni mmoja kutoka Ulaya, mwenye pikipiki kubwa, aliniuliza kwa nini wakulima wetu wanamwaga matawi ya miti katikati ya barabara. Nikamwambia, mzee, hayo matawi ndiyo yaliyokulinda mpaka hapa. Ukiona matawi kwenye lami, ujue mbele, labda baada ya kona, kuna lori limekufa. Punguza mwendo. Ukikuta lori limeshaondoka na matawi yamebaki, shukuru Mungu, na kama ni salama, yasogeze pembeni. Usiku kuna mwenzako ataingia juu yake.

Kitonga wakati wa kupanda, usijibanze nyuma ya lori. Linaweza kurudi nyuma. Wakati wa kushuka, weka gia ndogo toka juu, injini ikushike, breki iwe ya akiba. Ukisikia harufu ya breki inayoungua kutoka kwenye lori la mbele au la nyuma yako, tafuta mahali pa wazi utoke barabarani mpaka lipite. Makambako nako upepo. Ukiwa unalipita lori, lori lenyewe linakukinga. Ukichomoza mbele yake, upepo unakupiga ubavu ghafla. Shika usukani ukijua kofi linakuja. Usiukaze mikono kama mtu anayening'inia, egemea upepo kidogo tu.

Na baridi? Vijana wa bodaboda hili wanalijua kuliko waandishi wa vitabu vya safari. Koti unalivaa kinyumenyume, zipu mgongoni, upepo usipate mlango. Juni na Julai, kuanzia Mafinga mpaka Makambako, ongeza gazeti kifuani chini ya koti. Nimewaona watu wa mijini wenye makoti ya bei mbaya wakitetemeka, na bodaboda mwenye gazeti la juzi anapiga mluzi.

Ukishaiacha Tunduma ukakata kulia kwenda Sumbawanga, malori yanapungua. Hapo ndipo ninapokuwa na wasiwasi na vijana. Barabara nzuri, tupu, hewa ya Ufipa, mkono wa kulia unazidi kuvuta wenyewe. Lakini ng'ombe wako pale pale, mbuzi wako pale pale, baiskeli yenye gunia la mkaa iko pale pale. Na uchovu wa siku zote ulizotembea umekaa nyuma kama abiria. Kipimo changu cha usingizi ni kimoja: jiulize kijiji ulichokipita mwisho kinaitwaje. Huwezi kukumbuka hata kibao? Simama. Si baada ya mji unaofuata. Simama hapo.

Kabla ya Mpanda utapita Hifadhi ya Katavi, na pale Sitalike, mtoni Katuma, utaona viboko wengi. Lakini atakayekusumbua ni mbung'o. Huvutwa na kitu kinachokwenda, na anapenda rangi ya buluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Sasa wewe unakuja na koti la buluu, suruali nyeusi, mwendo wa 60. Umejitega mwenyewe. Vaa kaki, funga shingo, na haja zako zote zimalizie nje ya hifadhi.

Kisha kipande cha Mpanda hadi Uvinza. Hiki nakiheshimu kuliko vyote. Msitu mrefu, vijiji vya mbalimbali, na lami imekuwa ikijengwa vipande vipande, kwa hiyo habari ya mwaka jana haina kazi. Uliza Mpanda, jioni kabla ya kuondoka, kwa madereva waliofika siku hiyo. Usimwulize mtu mmoja. Wa kwanza atakwambia njia safi kwa sababu ana gari kubwa.

Hapo ndipo ninapokuja kwenye watu. Peke yako maana yake huna mtu kwenye siti. Haina maana kwamba hakuna mtu anayejua ulipo. Chagua mtu mmoja nyumbani, mtulivu, si lazima mama. Mpe ratiba kwa maandishi: leo natoka hapa, nalala pale, gesti hii, namba yao hii. Mkubaliane: nikiwa kimya mchana kutwa, ni kawaida. Ikifika saa mbili usiku sijapiga, unapiga gesti. Gesti wakisema hajafika, unapiga 112 na unasema kipande nilichokuwa nakipita. Na ukifika gesti, kile kitabu cha wageni kinachouliza unatoka wapi na unakwenda wapi, andika ukweli. Wengi huandika utani. Siku ukipotea, kitabu kile ndicho kitaulizwa kwanza.

Mwendeshaji mmoja ninayemfahamu alianguka kwenye makorongo kati ya Mpanda na Uvinza, mchana kweupe, akavunjika mfupa wa bega. Simu haishiki. Wanakijiji wakampakia kwenye bodaboda mpaka zahanati. Simu yake ina nywila, mwenyewe maumivu yamemzidi, lakini mfukoni mwa shati alikuwa na karatasi iliyofungwa kwenye nailoni: jina, kundi la damu, namba ya kaka yake. Jioni mhudumu akapata mtandao, akapiga. Namba inatumika. Akapiga tena. Inatumika. Kwa nini? Kwa sababu ilishafika saa mbili, na kaka mtu alikuwa anafanya alichoahidi, anapiga gesti ya Uvinza, kisha polisi! Simu zikapishana karibu saa nzima. Kilichookoa ni kwamba chini ya karatasi kulikuwa na namba ya pili, ya dada yake.

Kwa hiyo karatasi, si simu. Na namba mbili, si moja.

Yule ndugu alirudi Dar kwa basi, na pikipiki yake ikaja baadaye, imelazwa kwenye buti la basi jingine. Alilipa kwa hela gani? Kwa hela ya kurudia. Hiyo ndiyo ya mwisho ninayowaomba. Kabla hujaondoka, uliza nauli ya kukurudisha wewe na chombo kutoka mahali pa mbali kabisa pa safari yako. Itenge, nyingine kwenye simu, nyingine taslimu ndani ya soksi. Si ya chakula, si ya mafuta, si ya kununulia samaki Ujiji hata kama ni migebuka mibichi. Mtu mwenye hela ya kurudia anaweza kuacha safari Sumbawanga bila kumwomba mtu. Asiyekuwa nayo atasonga mbele hata breki zikiwa zimekwisha, kwa sababu kwake kurudi kumekuwa ghali kuliko kuendelea.

Jumamosi ijayo, saa tatu asubuhi, uwanjani. Kila mtu na pikipiki yake, spana zake na tyubu ya akiba. Tunafungua tairi la nyuma. Atakayekuja na fundi, fundi tutampa soda akae pembeni.

Sasa maswali. Naanza na kina dada, halafu yule mzee pale nyuma ambaye ameinua mkono tangu nilipotaja Sekenke.